Samaki Mbichi Mwezi wa Saba

Jumapili ile, Mamie aliposimama kutoa ushuhuda, kanisa zima lilitabasamu. Alikuwa binti mdogo bado, mtoto wake wa kwanza amefungwa mgongoni kwa kikwembe cha kuazima, na mume wake Michée alikuwa kwenye kasho ya polisi kwa kosa la kuvua wakati ziwa limefungwa. Watu walimwonea huruma. Mchungaji akampa kipaza sauti, naye akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi niko na ushuhuda mudogo tu. Tangu nizae, maziwa ilikuwa haishuke. Mutoto analia, mimi nalia. Nilikunywa uji, nilikunywa maji ya majani, bure. Njo Mungu akamutuma Mama Prezida. Aliniletea muchuzi ya samaki, mukebuka mubichi, na kichwa yake ndani. Nikakunywa yote, nikalamba na sahani. Kesho yake asubuhi, maziwa!" Akacheka, machozi yanamtoka. "Mama Prezida, sina kitu ya kukulipa. Mungu mwenyewe akulipe mbele ya watu."

Alingoja amina. Haikuja.

Kwenye benchi la akina mama wa heshima, Pétronille alihisi shingo yake inawaka. Hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka, maana alijua kila jicho liko wapi. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa tano, kwa amri ya nchi zote zinazolizunguka, ili samaki wazaane. Kalemie nzima ilikuwa inakula sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na ndakala, dagaa wakavu wa zamani ambao hata paka walikuwa wanawafikiria mara mbili. Samaki mbichi mwezi wa saba alikuwa na maana moja tu: kuna mtu ameshusha wavu. Na aliyepita na megafoni ufuko mzima akitangaza kwamba atakayeshusha wavu atajuta, aliyeongoza komite kwenda kumnyang'anya Michée wavu wake na kumpeleka kwa polisi, alikuwa Papa Valère, prezida wa Chama cha Wavuvi wa Kasoko. Mume wake.

Mamie bado alikuwa amesimama, anatabasamu, anaangalia huku na huku. Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo kabla ya zamu yake, na waimbaji wakaudaka kila mmoja kwa sauti yake.

*

"Nani alikutuma umupelekee chakula?" Papa Valère alimuuliza Pétronille walipofika nyumbani. Alikuwa hajavua koti la kanisani. "Nakuuliza, Mama Blanchard. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna. Unabeba samaki mubichi, unapita nayo mbele ya milango ya watu..."

"Niliifunika."

"Aliifunika!" Mélanie, dada yake Valère, alipiga makofi mara moja na kuiacha mikono wazi. Alikuwa amekuja kutoka Kabimba kwa ziara ya wiki moja, na wiki ilikuwa imekwisha zamani. "Samaki ifunikwe isinuke! Wifi, wewe umezaliwa hapa ama umekuja na ndege?"

Pétronille alikuwa anakoroga bukari. Aliendelea kukoroga hata baada ya unga kuiva, kwa sababu mwiko ulimpa mahali pa kuangalia. Blanchard, mtoto wao pekee, alikuwa Lubumbashi na mke wake, na simu zake zilikuwa za salamu tu. Nyumba ilikuwa kubwa, ya matofali ya kuchoma, na wakati wote wa uprezida wa mumewe ilikuwa imejaa watu. Lakini wote walikuja kwa ajili ya Prezida. Walimwambia Mama Prezida jambo, aksanti, chakula kizuri, kisha wakageukia mazungumzo yao. Mtu aliyekuja kwa ajili yake mwenyewe, akakaa jikoni, akamwambia habari zake za maziwa na usingizi, alikuwa Mamie peke yake.

"Mutoto alikuwa analia," akasema.

"Watoto wote wanalia," Valère akajibu. "Ndiyo kazi yao."

Akaketi, akajifuta uso. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na Pétronille aliiogopa zaidi ilipokuwa hivyo, kwa sababu ilifanana na sauti aliyomposea.

"Sikia. Wewe unajua wale wageni waliokula ile samaki walikuwa nani. Ni wakubwa wa mitumbwi ya kule juu. Bila wao, mukutano mukuu hautakubali nikae manda ya tatu. Ningewapa nini? Sombe? Prezida anaita watu kumuunga mukono, anawapa sombe?"

"Statuti ya chama inasema manda mbili," Pétronille alisema, polepole.

"Ata kule Kinshasa kwenye radio wanabishana kila siku kama katiba ibadilishwe ama isibadilishwe. Na wale wamesoma. Sisi ni nani tusibadilishe karatasi yetu ya Kasoko?"

Mélanie akacheka. "Mwambie, kaka."

"Nilimupa yule muvuvi Germain wavu asubuhi moja tu, avue kidogo, arudishe. Moja tu! Ziwa haikukauka."

"Wavu gani?"

Valère akaanza kuvua koti. Lakini Pétronille alikuwa anajua, na Valère alijua kwamba anajua. Nyavu zilizokamatwa na komite ziliwekwa kwenye depo ya chama, na ufunguo wa depo ulikuwa kwa prezida, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao. Na wavu wa Michée ulikuwa ndio mpya kuliko zote.

"Siku ya mukutano watakuuliza," Valère akasema. "Utasema samaki ilitoka Kabalo. Samaki ya mto. Ilikuja na treni, ndugu yako alikutumia. Mamie ni mutoto wa Kiambi, anajua nini ya mikebuka? Alichanganya."

"Treni haijafika mwezi huu mzima."

"Ilikuja na pikipiki, basi! Ilikuja na lori! Nani atakufuata mpaka Kabalo kuuliza?" Akamshika mkono, ule wenye mwiko. "Mimi nikisema, watacheka. Mélanie akisema, watacheka. Wewe haujadanganya mutu hata siku moja. Wewe watakuamini."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa sifa. Pétronille akaondoa mkono wake taratibu, akapakua bukari. Walikula watatu, na hakuna aliyesema kwamba kitoweo hakina chumvi.

*

Habari ilishuka ufukoni haraka kuliko maji ya mvua. Jumatatu asubuhi Pétronille alipofika bombani, ndoo ambazo siku zote zilisogezwa ili Mama Prezida achote kwanza hazikusogezwa. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanazungumza habari za bei ya unga, na walipomwona wakaendelea kuzungumza bei ya unga, ila kwa sauti ya juu kidogo.

"Unga imepanda."

"Eh, ila sisi tusiokuwa na ndugu kule chini ya maji, tutafanya nini?"

Wakacheka wakiwa wameangalia chini. Mama Thérèse, mkubwa wa wanawake wanaokausha samaki, hakucheka. Mabanda yake ya kukaushia yalikuwa tupu, na wanawake aliokuwa anawapa kazi walikuwa wameenda mashambani kulima kwa kibarua. Alimwangalia Pétronille kutoka kichwani mpaka kwenye sandale.

"Mama Prezida. Ulikula na wewe?"

Pétronille aliangalia bomba. Ndoo ya mtu ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, na hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Nauliza tu," Mama Thérèse akasema. "Mimi bwana yangu alipouliza kwa nini hatule samaki, nilimwambia Prezida amesema tuvumilie wote. Wote, alisema. Kwenye megafoni. Nilimwambia: ata Mama Pétronille anakula sombe, nani wewe? Nilikutolea mufano nyumbani kwangu."

Ilipofika zamu yake, Pétronille alichota ndoo moja badala ya mbili. Njiani watoto wawili walimfuata wakiwa wamebana pua, mpaka mama yao alipowaita kwa sauti isiyokuwa na hasira yoyote.

*

Mchana wa Jumatano, Mamie alikuja. Pétronille alimwona kupitia pazia akivuka uwanja na mtoto mgongoni, na kabla hajasimama Mélanie alikuwa ameshafika mlangoni, amejaa mlango mzima.

"Unatafuta nini?"

"Hodi, Mama. Natafuta Mama Prezida."

"Hayuko."

Viatu vya Pétronille vilikuwa pale pale kizingitini. Mamie aliviangalia.

"Nitamungoja."

"Utamungoja mpaka lini? Umemaliza kumuharibia jina kanisani, sasa umekuja kumuharibia na nyumbani? Mutu anakupa chakula, unakula, unafunga kinywa. Kwa kwenu Kiambi hawafundishi watu kula na kunyamaza?"

"Kwetu mutu akikupa, unashukuru mbele ya watu," Mamie akasema. "Ukinyamaza, wewe njo mwizi."

"Haya, umeshukuru. Na sasa Jumamosi komite itawaondoa kwenye chama, wewe na bwana yako. Mahali penu pa kuegesha mutumbwi watapewa watu wenye adabu. Nenda ushukuru na hiyo."

Pétronille alisimama nyuma ya pazia. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuliondoa. Angeweza kutoka, kusema tu, nipo, ingia. Hatua mbili. Lakini Valère alikuwa amemwambia asionekane na yule msichana mpaka mkutano uishe, na miaka yote ya ndoa yake alikuwa amezoea kwamba maneno ya namna hiyo hukaa miguuni.

Mamie akamsogeza mtoto mgongoni. Kisha akasema, sio kwa Mélanie, bali kwa sauti ya kupita juu ya bega la Mélanie, kuelekea ndani.

"Mama, kama nilikosea, sikujua. Papa Hénoc, sekretere wa chama, alinieleza jana njo nikaelewa. Basi nimekuja kusema hivi: kama Mama anataka niseme Jumamosi kwenye mukutano kwamba nilidanganya, nitasema. Nitasema sikupewa kitu. Maziwa ilishuka yenyewe." Mtoto akaanza kulia, akamtikisa. "Ni vile tu nilisema kanisani, kwa kipaza. Nitaenda kwanza kwa muchungaji kutubu. Lakini nitasema, Mama. Usiwe na wasiwasi."

"Umesikia? Toka sasa," Mélanie akasema.

Akatoka. Pétronille alimwangalia akivuka uwanja, mgongo umeinama mbele kidogo kwa uzito wa mtoto, anampigapiga mtoto kwa nyuma bila kuacha kutembea. Mélanie akarudi ndani anajipepea.

"Umeona? Yeye mwenyewe amekubali. Kaka atafurahi. Wewe hutasema ata Kabalo, utasema tu: hakuna kitu."

Baadaye, Mélanie alipokwenda kununua makaa, Pétronille alifunga kikwembe akaenda mpaka kwa Mamie, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya reli. Aligonga. Alisikia mtoto ndani akinyonya, ile sauti ndogo ya kumeza, na Mamie akimwambia mtoto kitu.

"Ni mimi," Pétronille akasema. "Mama Blanchard."

Ndani Mamie akasema kitu kwa chini kuelekea ukuta wa jirani. Haukupita muda mrefu, jirani wa chumba cha pili akatoa kichwa.

"Amesema amechoka, Mama. Amesema Jumamosi mtaonana."

*

Hangari ya chama ilikuwa na paa la bati na kuta za mbao zilizofika kifuani tu, kwa hiyo ambao hawakupata nafasi walisimama nje wakiegemea. Ziwa lilikuwa nyuma yao, limetulia, na hakuna aliyeliangalia. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani mstari mzima. Michée alikuwa hajaachiwa. Mamie alikaa benchi la mbele peke yake, watu wamemwachia nafasi pande zote mbili, sio kwa heshima.

Papa Valère alikuwa kwenye meza, na mbele yake kengele ndogo ya shule ambayo alipenda kuigonga. Kabla hajaigonga, Mama Thérèse alisimama.

"Ombi."

"Mukutano haujafunguliwa, Mama."

"Njo maana naomba sasa. Neno la leo ni la Prezida mwenyewe. Mutu mwenye neno lake haongozi mukutano. Ashuke kwenye kiti, Papa Hénoc aongoze. Iko kwenye statuti."

Mnong'ono ukapita. Papa Hénoc, mtu mwembamba aliyekaa pembeni ya meza, akakohoa. "Ni kweli, iko. Kifungu iko."

"Nani aliandika kile kifungu?" Valère aliuliza.

"Ni... tuliandika sote, Papa Prezida. Lakini kalamu ilikuwa kwako."

"Voilà. Mimi niliiweka, mimi najua maana yake. Maana yake ni kama prezida anashitakiwa na chama. Leo prezida hashitakiwi. Leo mwanamuke mumoja amechafua jina la prezida, na chama kinamushitaki yeye. Ni kitu ingine kabisa." Akagonga kengele. "Mukutano umefunguliwa."

"Ah, kumbe!" mtu akasema kutoka nje ya ukuta. "Yeye mushitaki, yeye jaji, yeye kengele!"

Watu wakacheka, Valère naye akacheka kidogo, kama mtu anayejua kwamba kicheko kikipita kitakuwa kimeondoka na jambo. Alikuwa hodari wa mikutano. Alizungumza juu ya ziwa, juu ya watoto wa kesho, juu ya adui wa maendeleo. Wakubwa wa mitumbwi ya kule juu, waliokula samaki ile mpaka wakanyonya mifupa, walikuwa wamekaa safu ya pili wakitikisa vichwa kwa makini. Kisha akamwita Mamie asimame.

"Ulisema kitu kanisani."

"Ndiyo, Papa Prezida."

"Ilikuwa kweli?"

Mamie akaangalia mikono yake. Alikuwa amevaa blauzi safi, na pande mbili za kifua ilikuwa imelowa, maana mtoto alibaki na jirani na saa yake ya kunyonya ilikuwa imepita. Alivuta kikwembe juu ili kuficha.

"Nilikuwa mugonjwa ile wiki," akasema. "Labda... nilikuwa na homa. Labda nilichanganya."

"Sema wazi, mwanangu. Ulidanganya?"

"Nili..." Akavuta tena kikwembe. "Nili..."

"Iko wazi," Valère akasema. "Amekubali. Hata hivyo, ili mutu asiseme Prezida amefunika, nitamwita mwenye jiko. Mama Blanchard, simama useme mbele ya watu, tumalize."

Pétronille alikuwa nyuma, kati ya wanawake ambao hawakumwachia nafasi ila ya nusu ya tako. Alisimama. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu. Hata harusini kwake alisema "ndiyo" kwa sauti ambayo mchungaji alimwomba airudie. Aliona uso wa mumewe. Ulikuwa umetulia, hauna wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma. Hakumtisha. Hakumwangalia hata kwa jicho la kuonya. Alimtegemea tu, kama mtu anavyotegemea ukuta wa nyumba yake.

"Huyu mutoto hajadanganya," akasema.

"Sauti!" wakasema wa nje.

"Mamie hajadanganya. Nilimupelekea muchuzi. Ilikuwa mukebuka."

"Ya wapi?" Mama Thérèse akauliza haraka.

"Mama Blanchard," Valère akasema.

"Ya hapa. Ya ziwa. Niliipika mimi. Ilikuwa nyingi, beseni nzima, ya wageni." Safu ya pili watu wawili walikuwa wameacha kutikisa vichwa. "Na mimi nilikula. Mama Thérèse uliniuliza kwenye bomba, sikukujibu. Nilikula."

"Muke yangu ni mugonjwa," Valère akasema. "Tangu Jumapili halali. Mélanie, muchukue."

Mélanie alisimama, lakini njia ilikuwa imejaa miguu, na hakuna mguu hata mmoja uliosogea.

"Waliivua na nini?" sauti ya nje ikauliza.

Pétronille aligeukia ile sauti. Hapo angeweza kuacha. Alikuwa amekwisha kumwokoa Mamie. Lile lililobaki halikuhitajika. Akamtazama msichana, aliyekuwa bado amesimama, bado amevuta kikwembe juu ya kifua, anamwangalia mdomo wazi.

"Wavu wa Michée," akasema. "Ulitoka depo. Ufunguo wa depo uko kwetu, nyuma ya mulango wa chumba. Hakuna mwingine."

Hangari ililipuka. Wengine walisimama juu ya mabenchi. Kengele ilikuwa inagongwa na hakuna aliyeisikia. Mmoja wa wakubwa wa safu ya pili alipaza sauti kuliko wote kwamba yeye aliambiwa samaki ile ni ya friji ya mjini, na watu wakamcheka mpaka akaketi. Papa Hénoc aliomba kura ipigwe kwa mikono, na alipouliza nani anataka Prezida aondolewe, mikono ilipanda kama nyasi, ikapanda na ya nje ya ukuta, ambayo haikuwa na haki ya kupiga kura. Wakaamua hapo hapo kwamba Papa Hénoc aende polisi na wazee wengine kumwombea Michée, na kwamba depo ifunguliwe leo leo. Mtu akasema ufunguo. Mtu akasema vunjeni kufuli, kufuli ni ya chama.

Wakatoka wote kwa pamoja kuelekea depo. Pétronille alisimama kando ili wapite. Mamie alipita karibu, na ilionekana kama angesimama. Alinyoosha hata mkono. Lakini wanawake wawili walikuwa wamemshika mabega, mmoja analia, mmoja anamwambia haraka, mutoto analia kwa jirani, na umati ukambeba. Mama Thérèse alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Pétronille.

"Umesema vizuri," akasema. Kisha akafikiri. "Lakini ulikula, na sisi tulikuwa tunakutolea mufano. Ile itachukua muda, Mama."

Akaenda. Mélanie naye alikuwa ameondoka kwa upande mwingine, na sauti yake ilisikika mbali akimweleza mtu kwamba yeye ni wa Kabimba, yeye hajui kitu.

*

Papa Valère hakuinuka kwenye kiti.

Hangari ilikuwa tupu. Mabenchi mengine yalikuwa yameanguka, na mtu alikuwa ameacha sandale moja katikati. Kwa mbali kufuli ya depo ilikuwa inapigwa kwa jiwe. Kila jiwe likilia, Valère alikuwa anafumba macho kidogo.

"Twende nyumbani, Papa Blanchard," Pétronille akasema.

"Mukutano haujafungwa."

"Watu wameenda."

"Watu wanaweza kwenda. Mukutano hauwezi kwenda. Prezida njo anafunga mukutano, na hakuna mutu alimupa Hénoc kengele." Kweli kengele ilikuwa chini ya kiganja chake, ameifunika kama kifaranga. "Neno moja tu nilikuomba. Kabalo. Ungesema Kabalo, leo jioni tungekuwa tunacheka."

"Ningesema," akasema. "Nilikuwa nimejifunza njia nzima kuja hapa. Nilikuwa naisema moyoni."

"Sasa nini ilikushika?"

Pétronille aliangalia benchi alilokaa Mamie. Alitaka kumwambia juu ya ile blauzi iliyolowa, lakini alijua ataisikia kama neno la wanawake. Alitaka kumwambia kwamba alimpenda zaidi siku zile za zamani alipokuwa mvuvi tu, anayerudi na magamba kwenye nywele za mikono, asiyeogopa mtu wala asiyeogopwa. Hata hilo halikutoka.

"Nenda," Valère akasema. "Nenda na wao. Umewapa walichotaka, wakubebe na wewe."

Pétronille akaangalia nje. Kufuli ilikuwa imevunjika. Sauti za furaha zilipanda, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa ameangalia upande wa hangari.

Akainua benchi moja lililoanguka, la kati, akalipangusa mchanga kwa kiganja, akaketi. Akapanga kikwembe chake magotini. Mume wake alimwangalia kwa hasira, kisha kwa mshangao, kisha akaacha kumwangalia, akawa anaangalia safu za mabenchi moja moja, za mbele, za kati, za nyuma, kama alivyofanya kila mkutano alipohesabu nani amekuja. Jua lilikuwa limeingia chini ya bati na kumfika usoni. Alionekana mzee, na koti lilikuwa kubwa kwake.

Vigelegele vikaenda mbali, kuelekea upande wa polisi.

Mwishowe Valère alikohoa, akanyoosha kola, na kwa sauti ya mikutano, ila ndogo, iliyokauka, akasema:

"Kabla ya kufunga. Kuna mwenye neno?"

Pétronille akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akanyoosha mkono.

Valère hakumpa ruhusa mara moja. Alipitisha macho hangari nzima, taratibu, kama mtu anayechagua katikati ya mikono mingi.

"Mama wa pale katikati," akasema.

Naye akasimama.